Ultrasaundi ya kisigino inaweza kujua mfupa utavunjika?

mkorosho_newala: Habari wadau. Bibi yangu yuko huku Newala, umri kama miaka 70 na kitu, juzi anaokota korosho akajikwaa akaangukia mkono, yaani kaanguka kutoka kimo chake tu lakini kifundo kimevunjika, saa hizi kafungwa hogo. Jirani anasema kuna ultrasaundi ya kisigino inapima uimara wa mifupa. Ni ileile ya wajawazito? Naogopa asije akavunjika nyonga.

mwana_mikindani: Pole mkuu, mfikishie bibi pole zetu. Sio ileile. Ya wajawazito inasikiliza mwangwi unaorudi, hii sauti inaingia upande mmoja wa kisigino inapokelewa upande wa pili, halafu mashine inaangalia imepita kwa kasi gani na imemezwa kiasi gani. Mfupa ulioshiba unapitisha haraka ila unameza zaidi, uliochoka ni kinyume chake. Kisigino kinachaguliwa sababu ndani karibu chote ni mfupa wa vijitundu, na huo ndo unaoanza kuliwa uzeeni. Mionzi hakuna kabisa.

fundi_wa_nachingwea: Niongezee hapo kwenye vijitundu maana ndo penyewe. Chukulia nyumba ya fito, mbili zina udongo sawa ila moja fito za mlalo zimekatika, hiyo ikisukumwa inalala. Mfupa wa mgongo nao vijiti vya mlalo ndo hutangulia kupotea, vya wima vinabaki havina wa kuvishika vinapinda, pingili inabonyea. Kwa hiyo wingi wa mfupa sio kila kitu, mpangilio nao una kazi. Ila mashine haichori vijiti, inatoa namba tu. Ufaransa walipima wanawake 5,662 wazee wa zaidi ya miaka 75, matokeo yakatoka 1996, kisigino kikatabiri kuvunjika nyonga karibu sawa na DEXA, kile kipimo cha mifupa cha eksirei.

mkorosho_newala: Asanteni, sasa nianze kuitafuta hiyo mashine?

dada_wa_lindi: Usisubiri mashine kaka. Mama wa umri huo kuvunjika kwa kuanguka kimo chake tayari ni dalili mifupa imechoka, siku ya kuangalia hogo mwambie daktari hivyohivyo, muulize dawa za mifupa na vitamini D. Na ukija kupata kipimo cha kisigino, ile -2.5 ya DEXA, yaani namba ambayo ukifika hapo au chini yake wanasema mifupa imechoka, usiitumie hapo, haviendani. Usiku muwekee taa njia ya chooni.