Nimekuta mitego ya ami yangu kwenye eneo tunalohesabu sengi. Nifanyeje?

Kijana_wa_Gede:
Wadau, salaam. Kaskazi hii nimepata kibarua cha msimu katika msitu wa Arabuko-Sokoke, tunahesabu sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, yule mwenye kiuno cha dhahabu asiyepatikana popote duniani ila pwani hii ya Kenya. Masika yakianza kazi imekwisha.

Tunaingia alfajiri umande ukiwa bado umelainisha majani, maana jua likipanda kila hatua ni kelele na sengi ameshakimbia. Tunaandika viota (ni rundo la majani makavu tu, usipozoea unalikanyaga), tunakagua kamera, na kila mtego tunaoukuta tunaung'oa na kuandika mahali ulipo.

Juzi kwenye miti ya mirihi nimekuta mitego imefuatana kijiani, mmoja una sengi aliyekufa. Ni waya wa breki ya baiskeli, umesokotwa mara mbili na kukazwa kwa kijiti pembeni. Fundo lile nalijua, nilifundishwa nikiwa mdogo. Ni la ami yangu, aliyenilipia karo baada ya baba kufariki. Mwenzangu alikuwa nyuma anabadilisha betri, hakushtuka. Fomu nimejaza kama kawaida, jina sijamtajia mtu. Jumatatu askari wa wanyamapori wanakuja kuchukua taarifa.

Mkwaju:
Nyamaza. Kibarua ni cha miezi, ami ni wa maisha. Wewe si askari.

Bi_Kilifi:
Mkwaju unampoteza mtoto wa watu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali kama nyama ni ya biashara au ya sufuria ya nyumbani, kuwinda ni kosa. Ami akishikwa na ikajulikana wewe ulijua, nani tena atakupa kazi msituni?

Chap_chap:
Samahani, sengi ndiye panya buku?

Bi_Kilifi:
Hata si panya. Pamoja na pua yake ile, kiukoo yuko karibu zaidi na tembo.

Mzee_wa_Doria:
Mwanangu, nimefanya vibarua vya msitu huo tangu enzi za kubeba nyavu. Fomu inauliza mitego mingapi, ya aina gani, iko wapi, imenasa nini. Haiulizi ya nani. Ulichojaza ni kweli, na usithubutu kukifuta. Ukikifuta, ramani itaonyesha mirihini ni shwari, doria itapelekwa kwingine na mitego itarudi pale pale. Na usidharau sengi mmoja. Wanakaa wawili wawili, dume na jike, kila jozi na eneo lake, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi. Si kama panya wa ghalani.

Mtafiti wako umwone kabla ya Jumatatu. Mwambie mitego ile inakugusa kifamilia, akuhamishe kutoka mstari ule wa kuhesabia. Akija kusikia kwa watu itakuwa umemficha, na hapo hata kazi yako nzuri ya viota ataitilia shaka.

Kwa ami usiende peke yako. Tafuta mzee anayemheshimu, kaeni chini, umweleze kwamba nyaya zimeng'olewa na zijazo zitang'olewa na kuandikwa vile vile. Ila siku ya doria usimtajie hata kidogo. Hapo ndipo vijana wengi huharibu, wanadhani wanamwokoa ndugu kumbe wanavujisha siri ya kazi.

Kijana_wa_Gede:
Asante mzee. Namjua ami, atasema alimtegea paa, sengi kaingia mwenyewe.

Mzee_wa_Doria:
Na huenda ni kweli. Waya uliotegwa chini hauchagui mguu. Mwonyeshe picha ya yule aliyekufa.

Mkwaju:
Sawa, nimekubali fomu isiguswe. Lakini msimwendee mtu na mkono mtupu. Kama ni njaa, afanye nini? Pale Gede kuna mradi wa kufuga vipepeo tangu 1993, aulizie.

Bi_Kilifi:
Vipepeo vinategemea oda za ng'ambo, visimzuge kwamba ni mshahara. Ajaribu na mizinga ya nyuki.

Kijana_wa_Gede:
Nimeongea na mtafiti jioni hii. Hakuuliza jina. Kesho nahamia mstari wa upande wa miti ya mibambakofi, na Jumamosi naenda kwa ami pamoja na babu mzaa mama, ndiye pekee anayemsikiliza. Swali la mwisho: ami akiniuliza waziwazi askari wanakuja lini?

Mzee_wa_Doria:
Mjibu, "Ami, hilo usiniulize." Babu akiwa hapo hatarudia.