Mada: Viza D (ya ukaaji mrefu) yaisha, ABH (ofisi ya wageni) hawana miadi

Kutoka: Kijana wa Makorora

Shikamooni wakubwa zangu. Niko BFD (huduma ya kujitolea ya Ujerumani) kwa kutumwa na dayosisi, kituo ni nyumba ya wazee. Viza D inaisha karibuni na ukurasa wa ABH hauonyeshi miadi hata moja. Wiki ya mmisionari mnaijua: Jumatatu mpaka Alhamisi zamu ya asubuhi, saa 12:30 hadi saa 8 mchana. Jumatano jioni vijana wa kipaimara, Ijumaa kozi ya lugha, Jumamosi kwaya, Jumapili ibada na baada yake kueleza habari za kanisa la nyumbani. ABH wanafungua asubuhi tu, siku hizohizo za zamu. Je, saa za kwenda ABH zinahesabiwa kazi, au lazima nizifidie?

Kutoka: Mama Tumaini

Marahaba mdogo wangu. Usisubiri miadi, kinachokulinda ni ombi la kibali cha ukaaji. Lipeleke kabla viza haijaisha, kwa fomu ya mtandaoni kama mji wenu unayo. Kama hauna, kwa barua pepe na nakala kwa Einschreiben (barua ya rejista). Weka Antrag (fomu ya ombi) iliyosainiwa, nakala ya pasipoti (ukurasa wa picha na wa viza), Meldebescheinigung (cheti cha anwani yako), Vereinbarung (mkataba) ya BFD yenye saini zote pamoja na ya BAFzA, ofisi ya serikali inayosimamia BFD, na cheti cha KV (bima ya afya). Vereinbarung isiyo na saini ya BAFzA hurudishwa, na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Jibu la otomatiki la barua pepe lihifadhi, ndilo ushahidi wa tarehe. Ombi likifika viza ikiwa hai, kifungu cha 81(4) cha sheria ya ukaaji wa wageni kinaiendeleza pamoja na haki ya kufanya kazi mpaka ABH watakapoamua. Ndani ya barua hiyohiyo omba kwa maandishi FB (Fiktionsbescheinigung), karatasi ya muda inayothibitisha hali hiyo.

Kutoka: Bwana Chumbageni

Mwambieni ukweli kamili. FB si ya kusafiria, akitoka nje ya nchi harudi. Na akate bima ya binafsi mapema, ABH wanaitaka.

Kutoka: Mama Tumaini

Sivyo kaka, na maneno haya yanawatisha watoto bure. FB ina visanduku vitatu. Anayetiwa alama ya 81(3) ndiye akitoka hawezi kurudi kwa karatasi hiyo. Aliyeomba akiwa na viza D hai ni 81(4), anatoka na kurudi akiwa na pasipoti yake. Viza C ya matembezi ndiyo haimo. Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujaondoka dirishani soma alama imewekwa wapi. Karani akikosea, kuirekebisha baadaye ni miadi mingine. Kuhusu bima: BFD iko kwenye KV ya umma na kituo kinalipa mchango wote, sehemu ya mwajiri na ya mfanyakazi. Bima ya binafsi ni pesa ya kutupa.

Kutoka: Mwalimu wa Soni

Naongeza yanayosahaulika. Picha za karatasi hazipokelewi tena tangu Mei 2025. Ni picha ya kidijitali, ama kwa mashine ya ofisini ama kwa mpiga picha aliyeidhinishwa, ambaye atakupa msimbo wa kupeleka. Ada ya kibali kisichozidi mwaka mmoja ni euro 100. Halafu sanduku la barua: jina lako liandikwe pale kama lilivyo kwenye pasipoti. Barua ya ABH, ya Steuer-ID (namba ya mlipakodi), ya PIN ya eAT (kadi ya kibali cha ukaaji), zote zinarudi zilikotoka kama mlangoni pameandikwa jina la parokia peke yake. Postamani hagongi kuuliza.

Kutoka: Bwana Chumbageni

Na kwenye Anmeldung (kuandikisha anwani) asiandike dini. Akiandika „evangelisch“ (Mprotestanti) atakatwa Kirchensteuer, kodi ya kanisa.

Kutoka: Mwalimu wa Soni

Ndugu yangu, kijana katumwa na KKKT halafu afiche kuwa ni Mlutheri? Kirchensteuer ni asilimia 9 ya kodi ya mapato (8 kwa Bayern na Baden-Württemberg), si ya posho. Posho ya BFD haitozwi kodi ya mapato, na asilimia 9 ya sifuri ni sifuri. Wamisionari wa Bethel, Wajerumani, walipanda Mlalo mwaka 1891 bila kuficha walichokuja kufanya. Watoto wa Usambara nao waandike tu.

Kutoka: Binti wa Pangani

Hapo umenena mwalimu. Mimi linaloniuma ni mwisho wa safari yote hii. Wajerumani tangu tarehe 27 Juni 2024 ukichukua uraia wao wanakuachia na wako wa zamani. Sisi nyumbani, mtu mzima akichukua uraia mwingine, ule wa Tanzania unapotea. Mtu analea wazee wa watu, anajenga nyumba Raskazone, halafu anaingia kwao kama mgeni!

Kutoka: Bwana Chumbageni

Tanga waja leo waondoka leo, lakini si kwa kugongewa muhuri wa mgeni! Mbunge akija huku kututembelea ajibu hili kwanza.

Kutoka: Binti wa Pangani

Tena nyumbani sasa ni msimu wa machungwa ya Muheza. Mdogo wetu, Jumapili ya misheni parokiani kwako unapika nini?

Kutoka: Kijana wa Makorora

Wameomba wali wa nazi, watu 25. Nazi sijaziona huku.

Kutoka: Mama Tumaini

Chukua tui la kopo, usome maandishi: liwe nazi na maji tu, lenye vigandishi halikauki vizuri. Kwa mchele nusu kilo, kopo moja la mililita 400 na maji kama nusu lita. Watu 25 ni kilo mbili na nusu, makopo matano. Usipike sufuria moja, chini utaungua na juu utabaki kiini. Gawa mbili. Tui likianza kukauka funika, ingiza oveni nyuzi 150 kwa dakika 20, ndiyo makaa yako ya juu. Sufuria ya mpini wa plastiki usiingize. Na chumvi weka kwenye tui kabla ya mchele.