Baba haoni vizuri: programu gani itamsomea Kiswahili bila bando?

BintiKambi, Jinja
Habari zenu. Baba yangu ni askari polisi mstaafu, na presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu upande mmoja. Tumekulia kambini, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, na mpaka leo yeye ni katibu wa chama cha akiba cha wastaafu wenzake. Nimemwekea NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 10. Inaongea, lakini Kiswahili inakisoma kwa mdomo wa Kizungu, na Mzee anauliza, "Amesema nini huyo?" Nilijaribu ile ya kusoma kwa sauti ndani ya Edge, kivinjari cha intaneti cha Windows, yenye sauti za Kiswahili cha Kenya na Tanzania. Tamu kweli, ila bando likiisha inanyamaza. Tena kumbukumbu za mikutano ya zamani ni PDF zilizoskaniwa. NVDA ikifika hapo, kimya.

Kumsomea tunamsomea, mimi na mdogo wangu. Lakini barua za chama zina madeni ya watu. Hataki zipite vinywani mwa watoto wake, na naona ana haki.

MwalimuArua
Dada, mpe Mzee salamu. Mimi sioni kabisa, na kazi zangu zote za shule nazifanya kwa NVDA. Kwenye Windows 10 huanza na sauti za Windows zenyewe, na yako imeshika ya Kiingereza. Bonyeza Insert+Ctrl+S, chagua eSpeak NG, mtambo mwingine wa sauti. Kisha Insert+Ctrl+V, tafuta Kiswahili kwenye orodha ya sauti. eSpeak imo ndani ya NVDA, haiombi intaneti.

Nakuambia mapema: sauti yake ni kavu, ya mashine, na Mzee anaweza kuikataa. Punguza kasi, mwache aisikilize siku kadhaa. Sikio likishazoea, atakuomba mwenyewe uongeze.

Kitu cha kwanza kumfundisha ni kuinyamazisha. Ctrl inaikata papo hapo. Shift inaisimamisha, ukiibonyeza tena inaendelea palepale. Mzee asiyejua kuinyamazisha atachoka nayo kabla ya chakula cha mchana. Akishajua hayo, Insert pamoja na mshale wa chini itamsomea mpaka mwisho wa barua. Dondoshea Insert tone la rangi ya kucha, likauke, uongeze jingine juu yake mpaka kidole kilihisi. F na J tayari zina vinundu. Na mnunulie hedifoni, maana madeni ya watu hayafai kusikika sebuleni.

FundiBombo
Hizo PDF ni picha, hazina maandishi ndani, ndiyo maana inanyamaza. Fungua ukurasa wote uonekane kwenye skrini, bonyeza Insert+R. NVDA itatumia kitambua maandishi cha Windows 10 na kukupa maneno ya kusoma kwa mishale. Hata kikiwa cha Kiingereza kitajitahidi, herufi zetu ni zilezile. Ila nakala zikiwa hafifu, 3 na 8 huchanganywa. Kiasi cha pesa msikiamini mpaka mtu mwenye macho, ambaye Mzee anamwamini, amekihakikisha. Maandishi ya mkono usitegemee.

BintiKambi, Jinja
Kiswahili nimekipata! Mzee anasema sauti hiyo inaongea kama redio kolo ya zamani, ile ya mawasiliano ya polisi, lakini anaielewa kila neno. Shift ndiyo aliyoipenda zaidi: anasimamisha, anafikiri, anaendelea. Kumbukumbu zilizopigwa chapa zimesomeka, za mkono hapana, hizo atazipitia na mweka hazina. Sasa anataka kujibu barua mwenyewe. Zamani alipiga taipureta kituoni, vidole havijasahau. Je, inaweza kumtajia anachochapa?

MwalimuArua
Inaweza. Insert+2 hubadilisha kutaja herufi, Insert+3 kutaja maneno. Tumia namba za juu ya herufi, siyo zile za pembeni. Kama alipiga taipureta, mwachie maneno peke yake. Herufi mojamoja zitamchelewesha.