Zoezi la kila wiki linanimaliza: nihamie kozi yenye mtihani mmoja wa mwisho?

MwanaMuhula: Wakuu, naombeni ushauri leo, maana fomu ya kubadili kozi inafungwa Ijumaa. Nasoma takwimu. Kila wiki kuna zoezi, jumla 12, kila moja alama 2.5, yaani 30 kati ya 100. Tuko wiki ya 7 na kila Jumapili usiku tumbo linanikata. Kuna kozi mbadala isiyo na mazoezi kabisa, mtihani mmoja tu wa alama 100. Naona huko nitapumua. Nihame?

Fundi_Namba: Usihame, mkuu. Ukivurunda zoezi moja umepoteza 2.5. Ukivurunda ule mtihani umepoteza muhula mzima. Msongo utausogeza tu hadi wiki ya mwisho, ukutane nao ukiwa umeshasahau nusu ya mada. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilirudia kusoma, jingine likajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Zoezi la wiki ndiko kujipima kwenyewe.

Kibatari: Mimi nauliza usingizi. Jumapili unalala saa ngapi? Ubongo huimarisha ulichojifunza wakati umelala, kwa hiyo anayekesha kumalizia zoezi anajinyima sehemu ya faida yake. Jumapili usiku ibaki ya kukabidhi tu.

SautiYaDarasa: Na wahadhiri nao waambiwe. Zoezi linalorudishwa baada ya wiki 3 halifundishi, mada imeshapita. Kozi 5 zikidai kazi siku moja, hapo mwanafunzi anazidiwa hata awe na bidii gani. Wawakilishi wa darasa wakae na idara mwanzoni mwa muhula, siku za kukabidhi zitawanywe, na zihesabiwe alama za mazoezi 10 bora kati ya 12 ili aliyeugua wiki moja asiumie.

MwanaMuhula: Yetu yanarudi ndani ya siku 4. Husahihishwa kwa 10 kabla ya kugeuzwa kuwa 2.5, na napata 9 karibu kila wiki. Jaribio la katikati ya muhula ndilo nimepata 4 kati ya 20.

Mdadisi: Hapo nagoma. Tisa kila wiki, halafu 4 kati ya 20 kwa mada zilezile? Na mwenye 9 analia nini Jumapili? Hii ni chai, wakuu.

Fundi_Namba: Inawezekana, na sababu naiona moja. MwanaMuhula, hayo mazoezi anafanya nani?

MwanaMuhula: Sijatunga. Wiki 2 za kwanza nilifanya mwenyewe, nikapata 5 na 6. Kuanzia wiki ya 3 nadesa kwenye kundi letu la simu, Jumapili saa 5 usiku, nabadilisha maneno kidogo. Lakini karibu darasa zima linadesa. Na fomu nimeshaijaza, imebaki sahihi tu.

BiSubira: Mwanangu, wengi kukosea hakufanyi kosa kuwa halali. Ukigundulika hutakatwa 2.5 tu, utaitwa kwenye nidhamu.

Fundi_Namba: Ndiyo maana tumbo linakukata: unakabidhi kazi usiyoweza kuieleza. Zile 5 na 6 zilikufaa kuliko hizi 9, zilikuonyesha pengo mapema, likiwa bado dogo.

Siku ya mhadhara funga daftari, andika kwa dakika 10 unachokumbuka, kisha lifungue ujazie kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho yake anza maswali, dakika 25 peke yako. Ukikwama, andika mstari ule ule uliokukwamisha, na kundini uulize huo mstari, usiombe jibu. Zoezi likirudi, swali ulilokosa lifanye tena baada ya siku 2 bila kuchungulia, na uongeze swali moja la wiki 3 zilizopita. Wengi huharibu kwenye kusoma suluhisho: wanalifuata vizuri, wanadhani wameliweza. Kulifuata na kuliandika mwenyewe kwenye karatasi tupu ni mambo mawili.

Mdadisi: Nimekuelewa sasa, na neno la chai nalifuta. Tuwekee mstari uliokukwamisha.

MwanaMuhula: Wiki ya 3. Varianzi ya sampuli, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani: kwa nini tunagawanya kwa n−1 na si n, idadi ya namba zenyewe?

Fundi_Namba: Chukua 2, 4 na 9. Wastani ni 5. Kila namba itoe wastani. Mbili za kwanza zinakupa nini?

MwanaMuhula: −3 na −1. Ya tatu... lazima iwe +4, maana zote tatu zikijumlishwa ni sifuri. Kwa hiyo zilizo huru ni 2 tu?

Fundi_Namba: Ndiyo n−1 yako hiyo. Iandike kwa maneno yako sasa hivi, na Alhamisi uirudie daftari likiwa limefungwa.