Sinywi pombe, ini lina mafuta, trigliseridi 6.4 na sukari haishuki: nianzie wapi?

Dereva_Kitonga

Wakuu, salaam. Nina miaka 52, naendesha lori la mizigo kutoka Dar hadi Tunduma, na mara nyingine navuka kuingia Zambia. Kisukari aina ya pili ninacho tangu 2017. Natumia metformin gramu moja asubuhi na jioni, na glibenclamide miligramu 5 asubuhi.

Hivi karibuni upande wa kulia, chini ya mbavu, ukawa mzito kama nimeshiba muda wote. Nikafanyiwa ultrasaundi na vipimo vya damu. Nayaandika majibu kama yalivyo: ini lina mafuta, daraja la pili. ALT 64 na AST 48 (vimeng'enya vya ini), chembe sahani (za kugandisha damu) 220. HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, 9.1. Trigliseridi, yaani mafuta ya damu, 6.4, HDL (kolesteroli nzuri) 0.8, na kwenye LDL (kolesteroli mbaya) hakuna namba, wamechora mstari tu. Homa ya ini B na C sina. Kilo 96, urefu sentimita 171.

Kuna mambo yananikosesha usingizi. Sijawahi kuonja pombe maishani. Mke wangu anajua, lakini shemeji yangu aliposikia neno "ini" alinyamaza, na ule unyamavu niliuelewa. Halafu daktari siku ile alikuwa na foleni hadi nje, akaniambia "punguza mafuta" na kuniandikia atorvastatin, dawa ya kolesteroli, miligramu 20. Nikapunguza kweli. Chipsi nimeacha, nyama ya kuchoma nimeacha, hata mboga ya nazi nyumbani siigusi. Njiani nakula wali maharage, asubuhi chapati mbili na chai, soda nimebadilisha na juisi ya embe, na usiku kabla ya kupanda mlima Kitonga nakunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu ili nisisinzie. Badala ya kushuka, sukari ya asubuhi inasoma 11, 12. Na hiyo atorvastatin bado iko kwenye boksi lake, maana mwenzangu wa gereji anasema inakula ini.

Nishughulikie kipi kwanza: ini, mafuta ya damu au sukari? Na sisi tunaokula kwa mama ntilie siku nzima tufanyeje? Nitashukuru mkinitajia vyakula vinavyopatikana barabarani.

Mti_Shamba

Pole sana mkuu. Hayo madawa ya hospitali yanaongeza sumu tu. Kuna unga wa mizizi uliochanganywa na mshubiri, unasafisha ini na kuyeyusha mafuta yote. Dozi ya mwezi mmoja. Njoo inbox.

Muuguzi_Mstaafu_Iringa

Mdogo wangu, pole na safari. Nimefanya kazi kliniki ya kisukari hadi kustaafu, na wewe umeleta namba kamili, kwa hiyo tuzungumze kwa namba.

Kwanza shemeji yako. Mwambie ini la mafuta la aina yako halihitaji hata tone la pombe. Linatokana na mwili kutoisikia insulini, homoni inayoongoza sukari, yaani chanzo kilekile cha kisukari chako. Mwaka 2023 mabingwa wa ini wa dunia walibadilisha hata jina la ugonjwa huu ili uhusishwe na umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, na moja ya sababu ilikuwa hii hii ya wagonjwa kutazamwa vibaya.

Umeuliza uanze na kipi kati ya vitatu. Hivyo vitatu ni kitu kimoja. Ini lako ni ghala ambalo mzigo unaingia kwa kasi kuliko unavyotoka. Wanga na sukari zikizidi, ini huzigeuza kuwa mafuta. Sehemu hubaki humo humo, ndiyo ile ultrasaundi iliiona. Sehemu hupakiwa na kutumwa kwenye damu, ndiyo trigliseridi 6.4. Na kwa kuwa insulini haisikiki, mafuta ya kitambini nayo yanaachiwa ovyo kurudi kwenye ini, wakati ini lenyewe linaendelea kutengeneza sukari usiku kucha, ndiyo ile 11 ya asubuhi kabla hujala kitu. Ukipunguza kinachoingia, vyote vitatu vinashuka pamoja.

Sasa utaona kwa nini "punguza mafuta" peke yake haikukusaidia. Umetoa nyama ukaweka wali mwingi, chapati na juisi ya embe. Juisi ya embe, hata isiyotiwa sukari, ina sukari inayokaribia ya soda, na ile sukari ya matunda ikishaondolewa nyuzi zake inakimbilia ini moja kwa moja. Chupa ya soda ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, vijiko vidogo karibu tisa. Kopo lako la usiku nalo, kama si lile lisilo na sukari, liko hapo hapo. Ningekuwa na nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika maisha yako, lingekuwa hili: usinywe sukari ya aina yoyote. Maji, chai kavu, kahawa kavu, vyote bila sukari. Embe lenyewe kula, kipande, ukilitafuna.

Lakini mafuta usiyarudie kiholela. Trigliseridi inatakiwa iwe chini ya 1.7. Ikifika 5.6 na kuendelea, tunaanza kuhofia kongosho kuvimba, na ikipita 10 hofu inakuwa kubwa. Wewe uko 6.4, kwa hiyo vya kukaangwa viache kweli hadi ishuke. Na shika hili ukiwa njiani: maumivu makali ya tumbo la juu yanayochoma hadi mgongoni, pamoja na kutapika, si ya kumeza dawa ya vidonda vya tumbo na kuendelea na safari. Egesha gari, nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo.

Ule mstari kwenye LDL hauna ubaya. Maabara nyingi huipata LDL kwa hesabu, na trigliseridi ikipita 4.5 hesabu ile haiaminiki, ndiyo maana hawakuandika. Ulipimwa ukiwa umefunga? Kama ulipita kwanza kwenye chapati, rudia ukiwa hujala kwa muda wa masaa nane hadi kumi na mawili. Waombe pia waangalie tezi ya shingo na figo, kwa sababu tezi ikilegea trigliseridi hupanda.

Kuhusu ini lenyewe, swali kubwa ni kama limeanza kupata makovu, na hilo mafuta kwenye ultrasaundi hayasemi. Kuna hesabu inaitwa FIB-4, haina gharama. Chukua umri, zidisha kwa AST: 52 mara 48 ni 2,496. Kisha chembe sahani 220 zidisha kwa kipeuo cha pili cha ALT, ambacho kwa 64 ni 8: inakuwa 1,760. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 1.42. Chini ya 1.3 tungekuambia makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 2.67 tungekukimbiza kwa bingwa. Wewe uko katikati, karibu na chini. Maana yake umwombe daktari akuandikie kipimo cha ugumu wa ini, wengi wanakiita Fibroscan, hata kama utasubiri zamu hospitali ya rufaa. Si jambo la kukutia hofu, ila usiliache.

Atorvastatin: itoe kwenye boksi. Ini la mafuta si sababu ya kuikwepa, na ALT ya 64 haijafika kiwango cha kuizuia. Mtu mwenye kisukari na ini la mafuta mara nyingi huuawa na moyo au kiharusi kabla ya ini, na dawa hiyo inalinda huko. Ukipata maumivu ya misuli yasiyoeleweka au mkojo mweusi, rudi ukaseme. Kama trigliseridi itagoma kushuka baada ya sukari kutulia, daktari anaweza kuongeza fenofibrate. Hilo ni la kwake kuamua.

Kwa ndugu Mti_Shamba, sitakuja inbox, nasema hapa hapa kwa heshima. Mshubiri wa kunywa una kumbukumbu za kitabibu za watu walioumia ini kwa ajili yake. Unga usiojulikana kilichomo, kwa mtu mwenye ALT 64, sikubaliani nao kabisa. Kama anapenda majani ya miti, mlonge wa mboga apike ale, hiyo ni mboga.

Sasa chakula, maana ndipo ulipo. Njia yako naijua, nimeipita maisha yangu yote. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimejaa, Ilula nyanya zimejaa, Mbeya parachichi zimejaa. Hakuna anayekulazimisha kununua ndizi za kukaanga dirishani. Beba kisu, bakuli na chumvi kidogo, utengeneze kachumbari yako. Kwa mama ntilie sema mapema, kabla hajapakua: "Nusu ya ugali, mboga za majani mara mbili, samaki wa mchuzi au maharage." Ugali wa dona kama upo. Maharage ni mazuri sana, kosa si maharage, ni mlima wa wali ulio chini yake. Dagaa wa kuchemsha na nyanya ni chakula cha maana kwako kuliko watu wanavyokidharau, mafuta yake ni ya aina inayosaidia. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na chai isiyo na sukari badala ya chapati. Parachichi nusu, usile zima, mpaka mafuta ya damu yashuke. Karanga ziwe safi: zenye ukungu au ladha chungu tupa, sumukuvu inaharibu ini, na wenzetu wa Dodoma na Manyara walizikana mwaka 2016 kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo.

Uzito: ukipunguza asilimia 5, mafuta ya ini yanaanza kuondoka. Asilimia 7 hadi 10, na kuvimba kwa ini kunatulia. Kwako hiyo ni kilo 7 hadi 9 na nusu. Si lazima uwe mwembamba. Foleni ya Tunduma mnakaa masaa, wakati mwingine siku. Shuka utembee kwa haraka, dakika 30, siku tano kwa wiki. Na robo saa baada ya kula, hata kuzunguka lori ukikagua matairi.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote, nilitaka ulisome ukiwa umetulia. Glibenclamide hushusha sukari hata kama hujala. Ukipunguza wanga ninavyokuambia na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kukuangukia ukiwa kwenye kona za Kitonga na tani zote zile nyuma. Kwa hiyo kabla ya kubadili sahani, nenda kwa daktari ukamwambie: naendesha lori, nataka kupunguza wanga, tuiangalie glibenclamide. Pima kila mara kabla ya kuwasha injini, na baada ya kila saa mbili barabarani. Chini ya 5, kula kwanza. Chini ya 4, au ukitetemeka na kutokwa jasho jembamba, egesha, kunywa maji yenye vijiko vidogo vinne vya glukosi au nusu chupa ya soda yenye sukari, pima tena baada ya dakika 15, na usishike usukani mpaka ipite kama dakika 45 tangu irudi sawa. Soda moja ikae garini kwa kazi hiyo tu.

Je, unakoroma? Mkeo ajibu.

Mwana_wa_Mariakani

Ndugu yangu dereva, mimi niko upande wa huku, Mombasa hadi Malaba. Hali kama yako ninayo. Nakubaliana na mama hapo juu kila neno. Nyongeza yangu ni kahawa. Ile kahawa chungu ya barazani, ya buli la shaba, vikombe vidogo, bila sukari na bila ile kashata ya pembeni. Daktari wangu mwenyewe aliniruhusu, akasema wanywaji wa kahawa wanaonekana kupata makovu ya ini kwa uchache. Kwangu ndiyo iliyochukua nafasi ya yale makopo ya usiku. Lakini usingizi ni usingizi, bwana. Ukikuzidi, lala.

Dereva_Kitonga

Shikamoo mama. Nimesoma mara kadhaa, na mke wangu nimemsomea kwa sauti. Anasema nakoroma, tena kuna wakati nanyamaza ghafla kisha nashtuka kama nimekabwa. Hilo nalo lina uhusiano? Kipimo nilikwenda nikiwa nimekunywa chai, nitarudia. Na hizi dawa mpya za sindano za kupunguza uzito, nimesikia zinatibu ini. Ni kweli?

Mwana wa Mariakani, ahsante. Kahawa kavu nitaanza nayo.

Muuguzi_Mstaafu_Iringa

Marahaba, baba. Lina uhusiano, na kwa dereva ni la haraka. Huko kunyamaza na kushtuka ni pumzi kukatika usingizini. Hutokea sana kwa wenye uzito mkubwa na kisukari, na hukufanya usinzie mchana hata ukilala masaa nane. Huenda ndiko yanakotoka yale makopo. Mwambie daktari kwa maneno hayo hayo ya mkeo, ikiwezekana nenda naye.

Sindano ni kweli. Mojawapo, semaglutide, iliidhinishwa Marekani Agosti 2025 kwa ini la mafuta lililofika hatua ya kuvimba na makovu ya kiasi, na kabla yake, Machi 2024, kidonge kiitwacho resmetirom. Kwa kisukari na uzito semaglutide inafanya kazi vizuri. Bei ndiyo kikwazo, kwa hiyo uliza bima yako, na usinunue ya mkononi isiyo na asili inayojulikana. Ipo pia pioglitazone, ya bei nafuu, nayo husaidia ini, lakini huongeza uzito na kuvimbisha miguu, na mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri haimfai. Yote hayo yaende kwa daktari.

Trigliseridi rudia baada ya wiki nne hadi kumi na mbili, ukiwa umefunga. HbA1c baada ya miezi mitatu, mapema zaidi haitakuonyesha picha kamili. ALT na AST pamoja nazo, ili tuikokotoe tena ile FIB-4. Tarehe ya kliniki ikikukuta uko mpakani, piga simu wakusogezee wiki moja. Wakikataa, niandikie hapa nikuelekeze utakavyowaeleza.