Tumelipia ziara ya jiolojia Ngorongoro, tukazungushwa kutafuta simba

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, pakizidi mtanivumilia.

Kuna kampuni ya utalii, jina naliacha maana hela ya wakili sina, inatangaza "ziara ya jiolojia kwa Watanzania". Tukajichanga watu wa ofisini. Ratiba ilipendeza: ukingo wa kreta, Korongo la Oldupai, mchanga unaohama, kisha kumtazama Lengai, mlima wa volkano, kwa mbali. Nilitegemea tutapewa mtu aliyesomea miamba. Tukapewa dereva na redio yake.

Tangu geti la Lodoare redio haikunyamaza: simba yuko wapi, faru kaonekana wapi. Pale ukingoni mwenzetu akauliza shimo lote hili lilitokeaje. Jibu: "Kimondo kilianguka zamani sana."

Kimondo kiko Mbozi, ndugu yangu! Ngorongoro ulikuwa mlima wa volkano. Magma, yaani miamba iliyoyeyuka, iliyokuwa tumboni mwake ikatoka, juu pakakosa cha kupabeba, kilele kikadidimia. Ndiyo maana unasimama ukingoni unatazama chini zaidi ya mita 600, kwenye sakafu ya kilomita za mraba kama 260. Haya yanafundishwa sekondari. Wewe unayelipwa kwa kazi hiyo unashindwaje?

Oldupai ndiko nilikochemka kabisa. Korongo limekaa wazi, tabaka juu ya tabaka, na mtu wetu anatuonyesha choo kilipo na pa kulia chakula. Nikamuuliza kuhusu zile rangi. "Mawe tu hayo, nyie si wenyeji?" Hatua chache pembeni kulikuwa na kundi la wazungu, na mwongozaji wao anawapitisha kwa Kiingereza tabaka moja baada ya jingine: lava nyeusi chini kabisa, juu yake tabaka la kwanza ambamo mtafiti Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, halafu lile jekundu ambalo hata mtoto analiona. Nikajisogeza kusikiliza kama mwizi. Akaeleza hata umri ulivyopatikana: majivu ya volkano yana fuwele zenye potasiamu, na sehemu ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Ukiipima agoni, unajua majivu yalimwagika lini. Wakapata kama miaka milioni 1.75. Yaani nimelipa, halafu elimu nimeidokoa kwa jirani!

Mchanga unaohama sasa. Ni tuta jeusi lenye umbo la mwezi mchanga, majivu ya Lengai, na upepo hulisukuma kuelekea magharibi kama mita 17 kwa mwaka. Vipo vigingi vyenye miaka vinavyoonyesha lilikopita. Chembe zake zina madini yenye usumaku, ndiyo maana ukirusha konzi hazitawanyiki kama mchanga wa Koko Beach. Mtu wetu hakusema hata moja kati ya hayo. Alisema, "Pandeni juu mpige picha." Watu wakapanda wakashuka wakiporomosha mchanga, wengine wakajaza kwenye chupa za maji, yeye anacheka tu. Na hapo ni ndani ya jiopaki, yaani eneo linalolindwa kwa urithi wake wa miamba, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, ya kwanza kusini mwa Sahara!

Lengai hatukuelezwa lolote. "Kuna mawingu, turudi kreta, simba wameonekana." Volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti, jamii ya magadi, nyeusi ikitoka, nyeupe ikishapoa na kupata unyevu, imeahirishwa kwa ajili ya simba aliyelala.

Tuliporudi nikapiga simu ofisini kwao kudai sehemu ya hela. Dada akanijibu kwa upole kabisa: "Lakini kaka, simba si mliwaona?"

Sasa mwenye kumjua mwongozaji anayeweza kusimama mbele ya korongo lile akalisoma kwa Kiswahili, anitumie namba yake inbox, nitamlipa bila kuomba punguzo. Wa simba msinitumie.