Msaada: skripti yangu inasimamisha kampeni za Google Ads ila mbili zinagoma kulala

mzee_wa_kliki:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nimekwama. Nasimamia matangazo ya Google ya wateja wachache, mmoja ana hoteli kule Nungwi, sasa vyumba vikijaa ananipigia niyazime na vikibaki wazi ananipigia tena niyawashe, saa nyingine ni saa tano usiku nishalala zangu. Nikaona isiwe tabu, nikaandika skripti (programu ndogo inayojiendesha) humo humo ndani ya Google Ads, inasoma shiti moja ambayo mtu wa mapokezi anaandika JAA au WAZI. Ikikuta JAA inapita kwenye AdsApp.campaigns(), amri ya kuleta kampeni, na kuita pause() kuzisimamisha, ikikuta WAZI inaita enable() kuziwasha. Juzi wamejaa, logi ikasema imesimamisha kampeni 14, nikalala usingizi wa pono, asubuhi nakuta mbili zimekula hela usiku kucha na hakuna erra hata moja. Nakosea wapi?

chumvi_ya_bahari:
Hizo mbili ni za aina gani? Isije ikawa Performance Max, zile ambazo Google inazitawanya yenyewe kwenye huduma zake zote.

mzee_wa_kliki:
Duh, moja Performance Max kweli, nyingine ya video ya YouTube. Umejuaje mkuu?

chumvi_ya_bahari:
Hilo shimo nimeshatumbukia mwenyewe. Jina la AdsApp.campaigns() linadanganya, unadhani linaleta kampeni zote kumbe linaleta za utafutaji na zile za mabango tu. Performance Max ina mlango wake, AdsApp.performanceMaxCampaigns(), video wanao wao AdsApp.videoCampaigns(), na kama una mteja wa duka kuna AdsApp.shoppingCampaigns(). Ndio maana hukuona erra, skripti yako haikuzikataza, haikuziona kabisa. Zungusha kila aina peke yake, pause() ni ile ile.

Ila mimi nina wasiwasi zaidi na hiyo nusu ya pili, ya WAZI. Kuzima ni rahisi, kuwasha ndio balaa. Ukiita enable() kwa kila iliyosimama unafufua mpaka zile ulizozisimamisha kwa makusudi miezi sita iliyopita, ofa zilizoisha, majaribio, kila takataka. Dawa yake ni lebo. Tengeneza lebo moja, iite mfano "imezimwa na skripti", kisha kila kampeni unayoisimamisha ibandike applyLabel(), na wakati wa kuwasha chagua zenye lebo hiyo tu halafu ibandue. Lebo iwepo kwanza kwenye akaunti, ukibandika ambayo haipo itagoma. Na kabla ya kuiachia bonyeza priviu, pale inaonyesha ingebadilisha nini bila kugusa kitu.

dada_wa_bajeti:
Jamani mnapenda kujitesa. Kampeni 16 mnaandikia skripti? Google Ads Editor, ile programu yao ya kompyuta, unazichagua zote kwa mkupuo unabadilisha hali unatuma, dakika moja. Hata app ya simu inasimamisha. Halafu kaka mzee_wa_kliki unajua skripti ukiipangia ratiba haraka yake ya mwisho ni mara moja kwa saa, na ndani ya hiyo saa inachagua dakika inayotaka yenyewe? Mapokezi wakiandika JAA saa mbili na dakika tano unaweza ukalipia kliki za watu wasio na chumba karibu saa nzima.

mzee_wa_kliki:
Dada hilo la saa nalijua, nimelikubali, bora saa moja kuliko usiku mzima. Na siwezi kumpa mtu wa mapokezi app, akibonyeza kufuta badala ya kusimamisha nimekwisha.

chumvi_ya_bahari:
Hapo umesema. Hali zipo tatu, inayofanya kazi, iliyosimama na iliyofutwa, na iliyofutwa hairudi, utaiona kwenye ripoti tu na namba zake za zamani, ukiitaka unaijenga upya. Shiti yenye maneno mawili ni salama zaidi.

nyundo_na_msumari:
Nachomekea. Mtu akitaka kutoka kwenye skripti afanye kwa lugha ya Python kupitia API (njia ya programu ya nje kuongea na Google Ads), aangalie mfano anaokopi ni wa lini. Mingi inayozagaa ni ya AdWords API, ile ya zamani, na ilizimwa Aprili 2022. Kwenye API ya sasa ukibadilisha hali lazima useme na sehemu gani unabadilisha, kwenye update_mask, ukisahau inakurudishia erra. Unahitaji pia tokeni ya dev, yaani ufunguo wa kuingilia API, kuiomba kunataka subira kidogo. Kwa hoteli moja mimi ningebaki na skripti tu.

mzee_wa_kliki:
Wakuu nimerudi. Nimeweka milango yote minne na lebo, jana usiku mapokezi wameandika JAA na zote 16 zimelala kweli. Sasa chumvi_ya_bahari umeniponza, baada ya kusoma maneno yako nikaenda kukagua zinazowaka, nikakuta ofa ya Pasaka imefufuka tangu Jumatatu ya juzi. Hapa tupo Agosti. Mteja bado hajaiona, natafuta pa kuanzia kumwambia.

dada_wa_bajeti:
Anza na kuizima kaka.